Kabla Hujasema Kalewa, Mnuse Vizuri

Ukiishi Moshi, harufu tamutamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi mdomoni mwa kijana haimshtui mtu. Watasema tu huyo katoka kilabuni. Mimi nina kisukari aina ya kwanza, nachoma insulini kila siku, na nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati natapika, nahema kama niliyekimbia kupanda mlima, huku mtu akiniuliza nimekunywa mbege ya wapi. Sijawahi kuonja mbege. Kwa Mchaga, hilo nalo labda ni ugonjwa wake.

Insulini ikikosekana mwilini, sukari hujaa kwenye damu lakini seli hazipati. Mwili hujiona una njaa, ukaanza kuyeyusha mafuta, na ini likayageuza kuwa ketoni. Mojawapo ni asetoni, ileile wanayofutia rangi ya kucha saluni. Asetoni hugeuka mvuke upesi, kwa hiyo hupitia mapafuni na kutoka na pumzi. Ketoni zikizidi, damu huwa na tindikali. Hali hiyo huitwa ketoasidosisi, nayo inaua. Kule kuhema kwa kina ni mwili unapambana kuipunguza tindikali kwa kutoa hewa ya kaboni. Daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, alieleza kuhema huko mwaka 1874 na hadi leo kunaitwa kwa jina lake.

Kama unachoma insulini, waeleze unaoishi nao harufu hii ni ya nini. Wewe mwenyewe huwezi kuitegemea pua yako, maana mtu huzoea pumzi yake. Na si kila pua inaikamata asetoni. Nyumbani kwetu mama hasikii kitu, lakini mdogo wangu akinisalimia tu anajua: "Dada, umepima leo?" Sasa mwenye pua ni yeye. Ila kukosekana kwa harufu kusikupe amani. Ukitapika, tumbo likiuma, kiu ikizidi na unakojoa kila mara, pima hata kama hakuna anayenusa chochote.

Sasa vile vifaa vya kupuliza vinavyouzwa mtandaoni. Naulizwa sana, hasa na wazazi waliochoka kumtoboa mtoto kidole. Vingi vimetengenezewa watu wanaopunguza uzito kwa kuacha wanga, ili waone kama mwili umeanza kuchoma mafuta. Vinapima asetoni, havipimi sukari. Mtu mzima aliyekula kawaida huwa na asetoni isiyozidi takriban sehemu moja katika milioni ya pumzi yake. Kwenye ketoasidosisi inaweza kufika makumi. Lakini aliyefunga tangu alfajiri, iwe Ramadhani au Kwaresima, naye itapanda, ingawa hana kisukari kabisa. Vifaa vya bei rahisi huweza hata kuchanganya asetoni na pombe. Kwa maoni yangu, hela hiyo inunulie stripu za kupimia ketoni.

Stripu za mkojo ni nafuu na zinafaa kuwa nazo nyumbani. Funika chupa yake vizuri, unyevu huziharibu. Zina kasoro moja: hazipimi beta-hidroksibutireti, ketoni ambayo ndiyo huwa nyingi zaidi kwenye hali hii, kwa hiyo zinaweza kuchelewa kukuambia ukweli. Kipimo cha damu ni bora zaidi. Chini ya 0.6 (milimoli kwa lita) ni kawaida, kuanzia 1.5 mpigie daktari wako, ikifika 3.0 usipige simu, nenda hospitali. Wanaotumia vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini waangalie zaidi, maana ketoni zao zinaweza kupanda huku sukari haitishi. Na usiache insulini kwa sababu eti unaumwa na hujala. Hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Pumzi ina kazi nyingine ambayo huku haizungumzwi. Kisukari cha miaka mingi huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya tumbo, chakula kikakaa tumboni muda mrefu. Unachoma insulini, inafanya kazi kabla chakula hakijashuka, sukari inaanguka. Saa kadhaa baadaye inaruka juu. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kipimo cha pumzi cha tatizo hilo: unakula mlo uliowekwa kaboni-13, kisha pumzi yako inakusanywa kwa saa kadhaa kuona kaboni hiyo inatoka kwa kasi gani. Kama unashiba kwa vijiko viwili na sukari yako haieleweki, mweleze daktari hivyohivyo. Usisubiri akuulize.

Desemba inakuja, watu watapanda mabasi kurudi nyumbani. Insulini ikae nawe kwenye mkoba, si kwenye buti la basi wala dirishani juani. Mimi hubeba na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: "Nina kisukari. Nikitapika na kuhema sana, sijalewa. Nipimeni sukari na ketoni." Naiweka pamoja na simu na nauli, maana huko ndiko wasamaria huanza kupekua.