Waya wa mita 3 ulinivunjia kazi ya harusi

Juzi dogo mmoja anayepiga video za harusi huko Mbagala kanitumia picha ya waya wa USB-C, ananiuliza, "Kaka, huu una mita 3 na umeandikwa 100W, nichukue?" Roho iliniuma, maana waya kama huohuo ndio uliniharibia jina.

Tulikubaliana na kamati kwamba video za kanisani nizikate siku ileile, klipu ya dakika 4 ioneshwe ukumbini usiku maharusi wakiwa wamekaa. Natoka kanisani saa kumi jioni, SSD (diski ya kubebea video) ina GB 250, nachomeka kwenye laptop na waya wangu mpya nilioununua Kariakoo, mrefu, mnene, wa kusokotwa, nikaona megabaiti 40 kwa sekunde basi, haipandi, na laptop inasema saa moja na dakika arobaini na ushee. Nikachomoa nikachomeka, nikazima mashine nikawasha, nikadhani SSD imekufa. Mafaili yanamaliza kuingia watu wameshaanza kufika ukumbini na mimi sijakata hata shoti moja. MC katangaza klipu mara mbili, hakuna klipu. Kamati walinikata laki mbili, na mwenyekiti wao mpaka leo hapokei simu yangu. Sikuwa mzembe jamani, niliamka saa kumi alfajiri siku ile.

Sasa sikilizeni. Hiyo W ni umeme, haihusiani na spidi ya mafaili. Waya unaweza kubeba 100W hata 240W ukachaji laptop vizuri kabisa, lakini ndani una zile nyaya mbili tu za data za USB 2.0, ile ya zamani, yaani megabiti 480 kwa sekunde (biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo ni megabaiti 60 kwenye karatasi, kwenye kazi ndiyo zile 40), na kwa macho huwezi kuujua kwa sababu kichwa ni kilekile. Unachotafuta kwenye boksi ni Gbps, yaani gigabiti kwa sekunde. Kama hakuna Gbps popote, uhesabie kwamba ni waya wa kuchajia.

Na urefu ndio unaowaponza wengi. Spidi ikipanda data inafifia njiani, kwa hiyo waya wa kawaida wa Gbps 10 unaishia kama mita 1, wa Gbps 5 kama mita 2, na wa Gbps 40 usio na chipu ya kuongeza nguvu ni sentimita 80 tu. USB 2.0 ndiyo inafika mita 4. Ukiona mita 3 kwa bei ya soda mbili halafu unaambiwa ni wa spidi, mwache muuzaji aongee wewe ondoka. Tunanunua kamera za mamilioni halafu kwenye waya tunabana, hii tabia tuiache, mteja anakupa siku ambayo hairudii.

Mimi sasa natumia wa mita 1 wa Gbps 10, GB 250 zilezile zinaingia ndani ya dakika 5 au 6. Nimeufunga selotepu nyekundu, hakuna anayechajia simu hapo.

Dogo, huo wa mita 3 chajia. Ukinunua mwingine, kabla ya Jumamosi hamisha faili la GB 10 kutoka kwenye SSD huku unaangalia saa: ukitumia dakika 4, urudishe dukani siku hiyohiyo.