Kombi inayopozwa kwa hewa kupata moto mlimani

Kama Kombi yako ya VW 1600 inapata moto mlimani na taa ya oili inawaka kwenye foleni, usikimbilie kufunga kipoza oili cha ziada. Anza na raba inayozunguka injini, pale bati la injini linapokutana na bodi. Ikikatika au ikikosekana, hewa ya moto ya chini inapanda na feni inaivuta tena. Hili mafundi wengi wanalipuuza, na ndilo linaloua injini hizi. Vijiraba vya waya za plagi navyo vizibe matundu ya bati zinamopita.

Mkanda wa feni ubonyee kama milimita 15 kwa kidole gumba. Ukilegea, toa washa (kipete cha chuma) moja katikati ya vipande viwili vya puli, uihamishie nje.

Kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kinaizibia upepo silinda ya 3, kwa hiyo safisha mapezi (vibati vyembamba) ya kipoza hicho. Nafasi ya valvu iwe 0.15 mm, ipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Oili ni lita 2.5 tu, pima kila wiki.

Mlimani punguza gia mapema: feni inazungushwa na injini, mizunguko ikishuka upepo nao unapungua.