Mume wangu anajifunika shuka adhuhuri

SWALI: Assalaam alaykum dada muuguzi. Mume wangu alipelekwa India kutibiwa saratani ya matezi, aina ya Hodgkin, akatundikiwa dripu za nivolumab. Ya mwisho ina miezi miwili sasa. Matezi ya shingo yamenywea, alhamdulillahi. Lakini tukianika karafuu juani, yeye kajifunika shuka. Sauti imemkwaruza, uso umemvimba, usingizi hauishi. Majirani wanasema jicho. Mimi naogopa saratani imerudi.
Mama Salma, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Shuka hilo la adhuhuri linanifanya nishuku tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kabla ya kushuku saratani.

Nivolumab haiui saratani yenyewe. Chembe za kinga zina breki iitwayo PD-1, nayo saratani huikanyaga ili isishambuliwe. Dawa huiachia breki hiyo. Kinga ikishaachiwa, huweza kuvamia hata viungo vizima: thairoidi, utumbo, mapafu, ini. Na huweza kuanza miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Mpeleke hospitali wiki hii, apimwe TSH na T4, vipimo vya damu vinavyoonyesha kazi ya thairoidi. Tezi ikiwa imechoka, atapewa vidonge vya levothyroxine, pengine vya maisha, na ataishi navyo vizuri. Lakini nakusihi, kabla ya kidonge cha kwanza mwombe daktari apime na kortisoli ya asubuhi, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo nazo huweza kupigwa na kinga, na mwenye upungufu huo akianzishwa dawa ya thairoidi peke yake, presha huweza kuporomoka akazimia.

Akiharisha mara nyingi kwa siku, akikohoa na kukosa pumzi, au akiwa na kiu na mkojo usiokwisha, msingoje kuche. Wala msimnunulie prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, dukani. Kiwango chake hupangwa na daktari, na kupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa.

Niliwahi kumuuguza mama mmoja aliyeharisha siku sita, tukimpa dawa za amiba. Hakuna aliyemuuliza habari za dripu, hata mimi. Siku ya saba mwanawe akatoa karatasi ya matibabu, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Bado naiona.

Kwa hiyo ile karatasi ya India itoe kabatini leo, itieni kwenye mfuko wa plastiki, na iwe ya kwanza kuwekwa mezani kwa daktari.