Mbona miamba ya Masasi haifikii umri wa Dunia?

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha jiografia sekondari, Masasi. Wanafunzi wamesoma kuwa Dunia ina miaka bilioni 4.54 na baadhi ya mawe ya Mwezini yanapita bilioni 4. Iweje milima inayotuzunguka itajwe kuwa na miaka milioni 600 hivi? Nikipeleka jiwe maabara, nitapewa umri upi?

JIBU: Mwalimu, umri wa mwamba ni umri wa tukio, kwa hiyo kwanza amua unauliza tukio lipi. Potasiamu-40 iliyomo kwenye madini huoza polepole, na sehemu yake hugeuka agoni, ambayo ni gesi. Jiwe likipata joto kali gesi hiyo hutoroka na hesabu huanza upya. Mika nyeusi huanza kuipoteza kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Zirkoni, madini yenye urani kidogo, ni ngumu zaidi: metali ya risasi itokanayo na urani hiyo kuoza hubaki ndani yake hata kwenye nyuzi 900. Ndiyo maana jiwe moja hutoa umri wa aina mbili, na yote miwili ni ya kweli.

Nisi za Masasi, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, zimo katika Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita mabara yaligongana, miamba ikazama chini sana na kupikwa upya. Chembe ya zirkoni, mara nyingi haifiki hata robo milimita, ikikatwa na kung'arishwa huweza kuonyesha kiini cha kale na gamba lililoota wakati wa mgongano. Mwali wa leza wa kupimia ukiangukia mpakani mwa kiini na gamba, unapata umri mchanganyiko usio wa tukio lolote. Kosa hili huharibu vipimo vingi, kwa hiyo omba picha ya kila chembe pamoja na namba zake.

Mwezi ni mdogo, ulipoa mapema, wala hauna mabamba ya miamba yanayosukumana. Mawe yake ya nyanda za juu yamebaki. Duniani sakafu ya bahari huzama tena ndani, na karibu yote haijafikisha miaka milioni 200. Zuhura hatujaletewa jiwe lake hata moja: tunahesabu kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, kama 1,000 hivi, na kukisia kuwa uso wake una wastani wa miaka milioni 300 hadi 700. Kwenye Io, mwezi wa Mshtarii, volkano hufunika kila kitu. Hakuna kreta ya kimondo iliyoonekana.

Tahadhari na mawe ya mchanga kama ya Tendaguru, Lindi. Mifupa ya dinosaria pale ina miaka milioni 150 hivi, lakini zirkoni za mchanga huo zilitoka kwenye miamba iliyotangulia. Ukizipima, unapata umri wa chanzo.

Kwa sampuli, vunja ganda la kahawia hadi jiwe bichi linalometa, chukua kilo 3 hadi 5, andika mahali halisi. Usiokote mawe ya mtoni, hayana kwao. Kwenye fomu taja unachotaka: kuganda kwa magma, kupikwa au kupoa. Kwa kupikwa omba gamba la zirkoni, kwa kupoa omba mika.