Kupokea ndugu Italia: mgeni mpe jembe siku ya kwanza

Mkuu, umesema mama na mdogo wako wanakuja Padova mwezi mzima wa Desemba, wewe una chumba kimoja na sebule, kazi yako ni ya zamu, na unataka kujua ujiandae vipi. Visa zimeshatoka, kwa hiyo hilo naliruka. Mimi nipo Padova hii hii, kazi yangu ni zamu kwenye nyumba ya kulea wazee, na nimeshapokea mama mkubwa, binamu, hadi marafiki wa chuo waliosema "tunapita tu" wakajaza sebule kwa masanduku. Nakwambia niliyoyaona.

Tuanze na makaratasi kwa sababu ndiyo yenye faini. Ukimlaza mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, hata awe mama aliyekuzaa, sheria inakutaka utoe taarifa ya maandishi ndani ya saa 48. Karatasi yenyewe inaitwa dichiarazione di ospitalità. Sisi wa mjini tunapeleka Questura, yaani makao makuu ya polisi, wa miji midogo wanapeleka Comune, yaani ofisi ya manispaa. Unajaza majina yake na anwani ya nyumba, unaambatanisha nakala ya pasipoti yake, ya kitambulisho chako na ya kibali chako cha kuishi. Usipopeleka, faini ni kuanzia euro 160 hadi 1,100. Utasikia watu wanasema hawajawahi kupeleka na hawajaguswa. Sawa, lakini wewe ndiye utakayerudi Questura hiyo hiyo kuongeza kibali chako, si wao.

Jambo la pili linategemea njia ya ndege. Wakipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, mpaka wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, watauvukia Italia na mambo yanaishia hapo. Wakipitia Amsterdam au Frankfurt watakuwa wameingia Schengen huko, hivyo wakiingia Italia wana siku 8 kujitambulisha Questura wenyewe, yaani dichiarazione di presenza. Hiyo ni tofauti na karatasi yako ya ukaribisho. Na mwenye nyumba mwambie mapema, maana jirani wa ghorofa ya chini atamwambia kabla hujashusha mizigo.

Sasa nije kwenye linaloharibu ziara nyingi, na wala si hela. Wewe umeingia zamu ya asubuhi, mama kakaa sebuleni anatazama televisheni asiyoielewa, akingoja urudi umtoe. Siku ya nne anaanza kuulizia tarehe ya kurudi. Wahenga walimvumilia mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Huku mpe siku ya kwanza, na jembe lenyewe ni funguo, kadi ya basi, na karatasi yenye anwani yako iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Siku moja mpande naye tramu mwende na kurudi, kesho yake umwache aende mwenyewe ukiwa umemkalia nyuma kama humjui.

Kwa mama una bahati, kama ni Mkatoliki. Mama mkubwa wangu wa Moshi amemwomba Mtakatifu Antonio wa Padua tangu utoto, na hakuwahi kufikiria kwamba hiyo Padua ya kwenye sala ndiyo Padova yetu, mji wenye tramu na supermarket. Basilika haina kiingilio, kaburi unaligusa kwa mkono, na ulimi wa mtakatifu umehifadhiwa pale unaonekana. Baada ya kumpeleka mara moja alikuwa anakwenda mwenyewe kila asubuhi, anapita uwanja wa Prato della Valle, ananunua mkate, anarudi na habari za Wafilipino na Wanigeria aliosali nao. Alifahamiana na watu wengi kuliko mimi. Huyo hakuuliza tarehe ya kurudi. Mdogo wako mpe kazi ya sokoni na ya takataka. Takataka hapa ni elimu: mabaki ya chakula peke yake, karatasi peke yake, plastiki, chupa, na secco ya mwisho ambayo ni kila kisichokuwa na kwao. Mchoree, ubandike mlangoni mwa jokofu.

Desemba ni baridi, tena baridi ya ukungu. Kama jengo lenu lina joto la pamoja, ujue kwa kanda yetu mitambo inaruhusiwa kuwaka kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, na si zaidi ya saa 14 kwa siku. Usiku inazimwa. Mama ataamka saa kumi alfajiri aseme mwanangu hujalipa umeme? Mnunulie blanketi nzito na chupa ya mpira ya maji ya moto kabla hajafika. Hita ya umeme ni mtego: mita nyingi za nyumbani ni za kilowati 3, kwa hiyo hita ikiwaka, mashine ya kufulia inazunguka, na mtu akaweka pasi, nyumba nzima giza. Mfundishe mdogo wako mita ilipo na namna ya kuipandisha, isije ikakatika ukiwa kazini na mita yenyewe ipo chini kwenye korido ya jengo.

Chakula sasa. Waambie wasibebe unga. Watu wa Veneto, mkoa wetu huu, wanakula polenta nyeupe, yaani ugali wao, na unga wake wa mahindi meupe upo supermarket. Chagua ulioandikwa fioretto, ndio laini. Ule wa bramata ni chenga, utasonga ugali mpaka mkono ukufe. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nyumbani ni marufuku kuingiza, hata samli ya bibi. Matunda nayo hayapiti bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Embe litaishia kwenye pipa la forodha na mama atanuna mpaka nyumbani. Dagaa wakavu leteni, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20. Na dawa zake za presha azibebe za mwezi mzima na ziada, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara tu. Nakala ya bima yake ya safari kaa nayo wewe kwenye simu. Dharura ni 112.

Kutembea: Venezia ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa. Mkinunua tiketi za karatasi, zigongeni muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda, mkaguzi hasikilizi habari za ugeni. Vaporetto, basi la majini, ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo nendeni kwa miguu mpaka uwanja wa San Marco halafu mpande mara moja tu wakati wa kurudi, mama apate picha yake. Kahawa nyweni mmesimama kaunta. Mkikaa mezani bei inapanda. Kwenye bili ya mgahawa kuna coperto, ada ya kukalia meza. Mwambie mdogo wako mapema, asije akaanza kubishana na mhudumu.

Hela zungumzeni kwenye simu kabla hawajapanda ndege. Mama halipi kitu, hilo halijadiliwi. Mdogo wako mtu mzima ana kazi, basi mwambie wazi: kulala na kula kwangu, matembezi na ununuzi kwako. Atakuja na orodha ya ndugu, viatu vya fulani, manukato ya fulani. Usiibebe wewe. Ila mwonyeshe hili: kwa kuwa anaishi nje ya Ulaya, akinunua vitu vya zaidi ya euro 70 duka moja aombe karatasi ya tax free, atarudishiwa sehemu ya kodi. Forodha wanaidhinisha kwenye uwanja wa mwisho anaotokea Umoja wa Ulaya, nao wana haki ya kutaka kuona bidhaa. Kwa hiyo viatu vya shemeji visizame chini kabisa ya sanduku, na mfike uwanjani mapema kuliko mnavyodhani inatosha, mama asije akakimbizwa juu ya kiti cha magurudumu.