Jina la nani liandikwe kwenye bango?

Maswali yenu ya mwezi huu yanahusu kutunga pamoja, katika dansi ya kisasa na katika maigizo.

Mwalimu, tulifanya mazoezi miezi mitatu. Kila siku mwongozaji alisema "nionyesheni kitu", sisi tukabuni hatua, yeye akachagua. Siku ya onyesho bango likasema koreografia, yaani utunzi wa hatua za dansi, ni yake peke yake. Tuna haki ya kulalamika? (Mchezaji, Jinja)

Mnayo, ndugu yangu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda koreografia kama inavyolinda muziki na tamthilia, na inakubali kwamba kazi moja yaweza kuwa na watunzi kadhaa. Shida ni ushahidi. Hatua iliyozaliwa Jumanne jioni, watu wametota jasho, haina karatasi. Rekodini mazoezi kwa simu, mkitaja tarehe na aliyebuni.

Simwonei mwongozaji. Kuchagua, kupanga na kukata ni utunzi pia, tena mzito. Ila anayefundishwa hatua na anayeombwa kuibuni hawafanyi kazi moja. Mimi ningeandika: "Imeongozwa na fulani, hatua zimebuniwa naye pamoja na wachezaji", kisha majina yote, kwa herufi zinazosomeka. Lizungumzeni wiki ya kwanza, kabla hela haijaingia, kwa sababu ikishaingia kila mtu hukumbuka anavyopenda. Semeni pia itakuwaje kazi ikialikwa nje ya nchi na nusu yenu mkaachwa nyumbani. Hapo ndipo makundi mengi huvunjika, na inaniuma kila mara.

Kundi letu lina Walugbara, Waacholi, Wanubi na Waganda. Tukiigiza kwa Kiingereza tunakauka kama mbao. Tubaki na Kiswahili tu? (Arua)

Kiswahili kitawaunganisha kwenye mazoezi, nami nakipenda. Jukwaani msikate lugha nyingine haraka. Miaka ya 1970 mwandishi wa tamthilia Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi walitengeneza mchezo wa Renga Moi kutokana na simulizi ya Kiacholi, wakachanganya lugha za Uganda, nyimbo na ngoma, wakafika nayo hadi Ulaya. Huo ulikuwa utawala wa Amin, neno la wazi lingeweza kumponza mtu, na mwili ukabeba yale ambayo mdomo haukuthubutu. Jaribuni hivi: kila mwigizaji aseme mstari unaomuuma zaidi kwa lugha ya mama yake, na mwenzake amjibu kwa mwendo, bila tafsiri.

Tunataka kuingiza Bwola, ngoma ya Waacholi, katika dansi yetu. Hatuna Mwacholi, ila video tunazo. (Bombo)

Basi bado hamjawa tayari. Bwola ni ngoma ya heshima, ya kuchezwa mbele ya Rwot, chifu wa Waacholi. Video itawapa miguu. Haitawaambia nani anatangulia, wala kwa nini. Mtafuteni mchezaji anayeijua, mlipeni kama mtunzi mwenzenu, si kwa nauli na chai. Na akisema sehemu fulani isiguswe, isiguswe. Mkiona sharti hilo ni zito, tungeni hatua zenu wenyewe.

Mimi ni mpiga ngoma. Huitwa wiki ya mwisho, naambiwa "tia mdundo". (Kampala)

Omba kuanza nao siku ya kwanza. Katika baakisimba, ngoma ya Waganda, mpigaji na mchezaji husomana, mkono ukifuata kiuno na kiuno kikifuata mkono. Hilo halipatikani kwa siku tano. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyeuawa mwaka 1977, alitunga michezo yake na mwanamuziki Wassanyi Serukenya, na nyimbo ndizo zilizosukuma hadithi.

Tunafanyia mazoezi kwenye sakafu ya saruji. Magoti yanauma. (Mbale)

Acheni kuruka hapo kuanzia leo. Tumieni nyasi za uwanja wa shule asubuhi umande ukishakauka, na saruji ibaki ya kupanga nafasi na kukariri maneno.