Chai ya alasiri London: unalipia chai au unalipia kiti?

Mkuu, umeuliza kama ukija London na mama watoto mtoe pauni 150 na ushee mkanywe chai ya alasiri kwenye hoteli kubwa, au hiyo hela mfanyie jambo lingine. Waliotangulia wamekujibu kwa mkato: mmoja kasema ni wizi mtupu, mwingine kasema usithubutu kuondoka bila kwenda. Mimi nitakuchosha kidogo, maana ile meza nimekaa pande zake zote mbili. Nilipokuwa nasoma huku nilifanya kazi miaka miwili na nusu kwenye hoteli moja ya katikati ya jiji, jina nalihifadhi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha vyombo, baadaye wakanipandisha kuhudumia chumba cha chai. Tangu nitoke pale nimeenda mara tatu kama mteja, kwa hela yangu ya jasho. Mara mbili nilijuta. Na hii siyo chai ya jukwaani, yaani uongo wa kutunga, ni mambo niliyoyaona.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Ukisikia chai unafikiria kikombe na kitafunwa. Ile ni mlo. Unaletewa kinara cha sahani tatu zilizopandana: chini visandwichi vyembamba vilivyokatwa kingo, vya tango, vya mayai, vya samaki salmoni wa moshi, katikati skonzi na jamu na krimu, juu kabisa vikeki vidogo vilivyorembwa kama vito. Hadithi iliyochapishwa kwenye menyu karibu zote ni ya Anna, mke wa Duke wa Bedford, ambaye inasemwa kwenye miaka ya 1840 alikuwa akishikwa na njaa alasiri kwa kuwa chakula cha usiku kililiwa saa mbili au saa tatu. Akaanza kuagiza chai na mkate chumbani, kisha akawa anawaita rafiki zake. Kwa hiyo tangu mwanzo ile ni dawa ya njaa ya saa kumi. Mtu akila mchana wake vizuri saa saba halafu saa tisa akakaa mbele ya kile kinara, ameshapoteza nusu ya hela yake kabla hajagusa kitu. Nimeondoa mezani vinara ambavyo sahani ya juu haikuguswa kabisa, na wenye meza wametoka wamenuna kana kwamba tumewaibia.

Sasa hesabu. Hoteli nyingi zenye jina pale London siku hizi zinatoza kati ya pauni 60 na 90 kwa kichwa. Chukua 75. Humo ndani kuna VAT ya asilimia 20, yaani pauni 12 na nusu ni ya serikali. Kisha chini ya bili wanaongeza asilimia 12.5 ya huduma. Watu wawili mnalipa pauni 168.75, na hapo hamjagusa shampeni. Kichekesho ni kwamba keki ile ile ukiinunua dukani ukaenda kuilia kwenye benchi la bustani haina VAT hata senti. Ukiilia kwenye kiti chao, asilimia 20. Sheria ya kodi ya Uingereza yenyewe inakuambia unachokilipia: kiti.

Majani ya chai ndiyo kitu cha bei ya chini kuliko vyote pale mezani. Buli la watu wawili linakula gramu tano hivi. Zamani ilikuwa kinyume, majani yalifungiwa kwenye visanduku vyenye kufuli hadi mwaka 1784 kodi yake iliposhushwa kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Leo kinachoumiza hoteli ni mikono. Sisi tulikuwa na watu wawili tangu asubuhi kazi yao ni visandwichi tu: kupaka, kupanga, kufunika kwa kitambaa chenye unyevu, kukata kingo dakika za mwisho ili mkate usikauke. Vile vikeki, kimoja kinaguswa na mtu mara tano au sita kabla hakijafika kwako. Na vyombo! Meza moja ya watu wawili ilikuwa inanirudishia vipande zaidi ya thelathini, vikombe vyembamba visivyoingia kwenye mashine, kila kimoja kwa mkono. Wenye mikono laini mjaribu.

Halafu kuna saa. Meza ya chakula cha mchana wanaigeuza haraka, watu wanakula wanaondoka. Meza ya chai inakaliwa saa moja na nusu hadi mbili, na mgeni wa mwisho kuinuka ni yule aliyemaliza kula mapema kuliko wote. Pale Ritz, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1906, wana zamu tano kwa siku kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa moja na nusu jioni. Chai ya alasiri saa tano asubuhi, fikiria. Wanafanya hivyo kwa sababu wanachouza ni nafasi ndani ya kile chumba, na nafasi ina kikomo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama inalipa, namuuliza mtu: unakwenda na nani, na mna la kuzungumza?

Mara ya kwanza nilikwenda kwa vocha ya punguzo, pauni 38 watu wawili, nikajiona mjanja. Wakatuweka karibu na mlango wa choo. Mkate umekauka ukingoni, chai ni kifuko chenye uzi ndani ya kikombe, na dakika ya sabini bili ikawekwa mezani bila kuitwa. Ile pauni 38 ilikuwa ghali kuliko zote nilizowahi kulipa. Vocha si mbaya zote, ila mara nyingi inakununulia kinara na kukunyima kiti, na kiti ndicho bidhaa yenyewe.

Mara ya pili nilikwenda hoteli kubwa kweli, na wenzangu wanne, baada ya mahafali. Chakula kizuri, hakuna cha kulalamika. Lakini sote tulikuwa na njaa ya wali na nyama, tunapiga picha, tunaangalia simu, saa moja ikapita tunatafuta pa kwenda kula. Kosa halikuwa la hoteli.

Mara ya tatu nilimpeleka shangazi yangu alipokuja kututembelea. Mke wangu alipinga, akasema mama wa watu atakunywa kikombe kimoja na kuuliza bei. Kweli aliuliza bei, nikamdanganya. Shangazi ni mtu ambaye tangu nipate akili sijamwona amekaa mezani kwa dakika kumi mfululizo. Nyumbani kwake anakula amesimama, huku akipakulia wengine. Pale kila akinyanyua sahani ili azipange, mhudumu anafika kabla yake, anamwambia kwa adabu aache. Mara ya tatu akakata tamaa, akaegemea kiti. Tukakaa saa mbili na robo. Alinieleza jinsi alivyogombana na marehemu babu juu ya shamba, kisa ambacho mimi nilikuwa nakijua vipande vipande tu, tena vya kinyume. Buli lilijazwa mara nne. Vile vichupa vidogo vya jamu tusivyovifungua akavitazama, akaniuliza, "Hivi vimelipiwa?" Nikamwambia vimelipiwa, shangazi. Vikaingia mkobani.

Ile bili ya pauni 160 na kitu haijawahi kuniuma.

Sasa wewe na mkeo mmesema mnasherehekea miaka kumi. Kama ni watu wa kukaa na kupiga soga, nendeni mara moja, hoteli nzuri, bila vocha. Kama safari yenu ni ya kukimbia kutoka kivutio hadi kivutio na watoto wanapigiwa simu kila baada ya nusu saa, msijisumbue. Kuna njia nyingine ambayo watu wa huku wenyewe ndiyo wanayoitumia zaidi: buli la chai, skonzi mbili, jamu na krimu, basi. Kwenye vimkahawa vya kawaida hata ukiongeza kidogo huvuki pauni 15 kwa mtu. Hayo ndiyo mambo ya Devon na Cornwall, mikoa ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na wale wana ugomvi wao wa milele: Devon krimu inatangulia, Cornwall jamu inatangulia. Mimi naweka jamu kwanza kwa sababu krimu yao ni nzito sana, ina mafuta si chini ya asilimia 55, inakaa juu bila kuteleza. Ukitaka kitu cha namna hiyo London na ukumbi wa kutazama, nenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Kuingia ni bure, na mkahawa wake uko kwenye vyumba vya miaka ya 1860, kuta zimejaa vigae na nguzo za kauri. Unapanga foleni, unabeba trei yako, unatafuta meza. Hakuna wa kukuhudumia, lakini hakuna wa kukufukuza pia. Kwa macho tu, unapata robo tatu ya kile unachokipata hotelini.

Na neno skonzi lisikuchanganye. Za huku si zile laini za mkate. Hizi ni fupi, nzito, za kupasuliwa kwa vidole. Ikiwa safi inapasuka yenyewe katikati, ina joto la tanuri. Iliyopashwa kwenye mikrowevu ni moto sana dakika mbili za mwanzo, kisha inakuwa kama jiwe. Ukiletewa ya hivyo kwa pauni 75, irudishe. Usione haya. Tulikuwa tunazirudisha jikoni bila neno.

Yapo mengine ambayo wahudumu wanayajua na wageni hawaulizi. Hoteli nyingi kubwa zinakuongezea visandwichi bure, na nyingine hata keki, ila usipouliza hakuna atakayekuletea. Keki zikikushinda, omba kiboksi, si aibu, tulikuwa navyo rundo. Chai ikikaa sana kwenye majani inakuwa chungu. Sema ubadilishiwe buli, au badili aina kabisa, kwa kawaida hawatozi. Na unapoiona ile orodha ndefu ya majani yenye majina ya milima ya India, kumbuka kuwa Kenya ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa chai nchini Uingereza. Ule mchanganyiko wao wa asubuhi mara nyingi ndani yake mna majani ya jirani zetu. Niliwahi kumwambia mgeni mmoja hivyo, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Kama mnakula halali, hili msilipuuze: toa taarifa siku mbili kabla, kwa maandishi. Watu wanakumbuka kuuliza nyama ya nguruwe kwenye sandwichi wanasahau keki. Vile vikeki laini vinavyotikisika na vile vinavyong'aa juu vinagandishwa kwa jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe, na baadhi ya krimu zina pombe. Ukisema siku mbili kabla wanakutengenezea vingine. Ukisema umeshakaa, unaletewa bakuli la matunda kwa bei ile ile.

Shampeni achana nayo hata kama mnakunywa. Wanakuongezea pauni 15 hadi 20 kwa glasi moja.

Kuhusu ile asilimia 12.5 ya huduma: ni hiari, unaweza kuomba iondolewe. Enzi zangu sehemu yake ilikuwa inaishia ofisini, sisi tunagawana mabaki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi yote bila kukata. Kwa hiyo siku hizi mimi naiacha, na ukihudumiwa hovyo, itoe.

Nguo, usiende na raba na kaptula, soma masharti yao kabla, kwingine wanadai koti kwa mwanamume. Weka nafasi mapema, katikati ya wiki, zamu ya saa tisa na nusu. Asubuhi kunyweni kitu chepesi, mchana msile. Uliza kabisa unapobuku mnaruhusiwa kukaa muda gani. Wakikwambia saa moja na nusu, tafuta kwingine. Na watoto wapigieni simu kabla hamjaingia.